Si moshi wa bunduki, ni tumbo la mpagazi

Wapo watu ambao hadi leo wanapigana Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na uwanja wao ni meza. Hutandika ramani ya Afrika Mashariki iliyogawanywa vyumba vya pembe sita, hupanga juu yake vipande vya karata ngumu vyenye tarakimu za nguvu na za mwendo, hurusha dadu, na kwa saa kadhaa huamua upya nani angeshika Tabora na nani angetupwa baharini kule Tanga. Mchezo huu haukuanzia kwa watoto. Maafisa wa Prussia waliutumia kufundishia vita tangu mwaka 1824, Luteni von Reisswitz alipouonyesha mbele ya Jenerali von Müffling, mnadhimu mkuu wa jeshi lao. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells akauingiza sebuleni kwa kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913, mwaka mmoja kabla ya vita vyenyewe kulipuka. Katika miaka ya 1970 Jim Bumpas alitoa mchezo wa ramani uitwao Schutztruppe, jina la jeshi la kikoloni la Wajerumani lililotawala nchi hii. Jeshi hilo lina mashabiki wake, na mashabiki hao wana jibu moja la haraka ukiwauliza udhaifu wake ulikuwa wapi: lilikuwa na bunduki zilizopitwa na wakati. Hoja ya makala hii ni kwamba jibu hilo si la uongo, ila linaangalia pasipo penyewe. Bunduki ya zamani ilikuwa udhaifu mdogo. Udhaifu mkubwa ulikuwa chakula na watu waliokibeba, na ushahidi wake haupatikani mbali: upo hapa hapa, katika nchi iliyo kati ya mto Ruvuvu na Ziwa Viktoria.

Msomaji wa Mugoma, Rulenge au Kabanga anaweza kuuliza inamhusu nini hesabu ya wazungu wanaorusha dadu. Inamhusu, kwa kuwa wilaya za Ngara na Biharamulo zilikuwa sehemu ya uwanja wenyewe. Mwaka 1914 Bugufi na Busubi, maeneo ya wilaya hizo, zilikuwa ndani ya koloni la Wajerumani pamoja na Rwanda na Urundi, na boma la Biharamulo, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na ambalo bado limesimama, lilikuwa kituo cha utawala wao. Juni 1916 Wabelgiji walilichukua boma hilo. Vita vilipokwisha, Rwanda na Urundi zikaenda kwa Ubelgiji, Bugufi ikabaki Tanganyika, na mstari uliochorwa wakati ule ndio unaowapa watu wa Ngara utaifa walio nao leo. Jeshi ambalo kushindwa kwake kulichora mpaka unaopita karibu na shamba lako linastahili kupimwa kwa haki, hata likiwa limegeuka kipande cha karata.

Tuanze na bunduki, tusije tukaambiwa tumeipita. Vita vilipoanza Agosti 1914, Schutztruppe ilikuwa na Wajerumani mia mbili na kitu na askari Waafrika wapatao 2,500, waliogawanywa katika kampuni 14. Kampuni nyingi zilikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871, yenye mdomo wa milimita 11, iliyopakiwa risasi moja moja na kutumia baruti nyeusi. Askari akifyatua, wingu jeupe lilipanda juu ya kichaka alichojificha na kukaa hapo kwa muda. Adui hakuhitaji darubini, alilenga pale moshi ulipotokea. Mwenye bunduki mpya ya Mauser au Lee-Enfield alifyatua risasi kadhaa bila moshi wa kumchongea, wakati mwenye ile ya zamani anafungua, anatoa ganda, anaingiza risasi ya pili na kufunga. Hilo ni pungufu la kweli, na mbunifu wa mchezo anayekipunguzia alama kipande cha askari wa aina hiyo hajakosea. Kosa lake ni kuishia hapo, kana kwamba akishampa askari huyo Mauser mpya jeshi zima limepona.

Kipimo cha dhana hiyo kipo, nacho ni kampeni ya magharibi ya mwaka 1916. Aprili mwaka huo majeshi ya Kongo ya Kibelgiji, Force Publique, yakiongozwa na Jenerali Charles Tombeur, yaliingia Rwanda yakiwa na askari zaidi ya 10,000. Kigali iliangukia mikononi mwao mwanzoni mwa Mei, Kitega katikati ya Juni, Biharamulo kabla Juni haijakwisha. Kigoma ikafuata mwishoni mwa Julai, na Septemba 19 waliingia Tabora. Kwa muda wa miezi mitano hivi, Wajerumani walikuwa wamepoteza Rwanda, Urundi, Bugufi, Busubi na kipande kizima cha Reli ya Kati kutoka Ziwa Tanganyika hadi Tabora. Sasa angalia silaha za mshindi. Askari wa Kongo alianza vita na bunduki ya Albini, ya milimita 11, risasi moja moja, baruti nyeusi: ndugu wa bunduki ile ile ya Mjerumani tunayoambiwa ndiyo iliyomponza. Wabelgiji waliongezewa silaha kabla ya kushambulia, zikiwemo mizinga midogo na bunduki za rashasha, lakini bunduki begani mwa askari wao wengi ilikuwa ya karne iliyopita. Kama moshi wa baruti ndio uamuzi, pande zote mbili zilifuka moshi, na mmoja akashinda. Lazima tutafute kwingine.

Atakuja mtu na kusema: jibu ni idadi, Wabelgiji walikuwa wengi. Walikuwa wengi, ndiyo. Kapteni Max Wintgens kule Rwanda na Meja von Langenn-Steinkeller kule Urundi walikuwa na kampuni chache tu, na mkuu wao wa magharibi, Kurt Wahle, hakuwa na akiba ya kuwapelekea. Lakini jibu la idadi linazaa swali jingine. Tanga, Novemba 1914, Wajerumani wapatao 1,000 waliwafukuza Waingereza na Wahindi 8,000 waliotoka baharini. Kwa nini uchache usiue Tanga, uue Kigali na Biharamulo? Tanga kulikuwa na reli iliyoshusha kampuni kutoka Moshi, pamoja na risasi na chakula chao, hadi ukingoni mwa uwanja wa vita. Ngara na Biharamulo hakukuwa na reli, wala barabara ya gari, wala ng'ombe wa kukokota mzigo, kwa kuwa mbung'o waliwaua njiani. Kulikuwa na kichwa na mabega ya mpagazi.

Hapa ndipo panapohitaji hesabu, na si ngumu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kilo 25 hadi 30. Chukua mpagazi aliyebeba kilo 25 za unga, na posho yake iwe kilo moja kwa siku, kwa sababu naye anakula. Askari wakiwa umbali wa siku tano kutoka ghalani, mpagazi atakula kilo kumi kwenda na kurudi, atafikisha kilo 15. Wakiwa umbali wa siku kumi, atakula kilo 20, atafikisha tano. Wakiwa mbali zaidi ya siku 12, atafika mikono mitupu, naye mwenyewe atakuwa na deni la chakula cha kurudia. Sasa pima ramani: kutoka relini Tabora hadi Biharamulo ni zaidi ya kilomita 300 hata kwa njia ya ndege. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku, hizo ni siku 15 na zaidi. Maana yake ni kwamba reli ya Tabora, ambayo kwenye ramani ya mchezo inaonekana kama mshipa wa damu wa jeshi la magharibi, haikuweza kumlisha askari wa Biharamulo kwa wapagazi peke yao, hata kama wangepangwa vizuri namna gani. Njia ya ziwa nayo haikuaminika, kwa kuwa meli za Waingereza ndizo zilizolitawala Ziwa Viktoria. Askari wa kaskazini-magharibi alikula mahindi, mtama, ndizi na ng'ombe wa mwananchi aliyekuwa jirani yake. Ghala lake lilikuwa shamba la mtu, na ghala la namna hiyo huliondoi ukaondoka nalo. Jeshi likirudi nyuma hatua moja, linaacha chakula chake kwa adui.

Ndiyo maana hatua za kurudi nyuma za mwaka 1916 zilifuatana haraka namna ile. Wintgens hakuvunjwa vunjwa Rwanda. Alikwepa, akapigana, akakwepa tena, na kila alipokwepa alipoteza mashamba yaliyomlisha. Kisha watu nao wakaanza kupungua. Askari wengi walikuwa na wake, watoto na mifugo karibu na vituo vyao, na safari ya kwenda kusini ilimaanisha kuwaacha. Wahle alipotoka Tabora kuelekea Iringa, alipoteza watu wengi waliotoroka kuliko sifa za jeshi hilo zinavyotaka tuamini. Mchezo wa mezani unaompa askari wa Schutztruppe alama ya juu ya moyo wa kupigana, siku zote na mahali popote, unarudia hadithi iliyotungwa Ujerumani baada ya vita kuhusu askari mwaminifu asiyeuliza. Askari yule alikuwa mtu wa kazi. Alilipwa vizuri kuliko wapagazi, alikuwa na heshima kijijini, na alitumikia kwa sababu hizo. Mshahara ulipogeuka karatasi ya ahadi na njia ya nyumbani ilipofungwa nyuma yake, alipima. Mkono mtupu haulambwi.

Kuna pingamizi zito zaidi, na wapenzi wa jeshi hili hulitoa kwa kujiamini: jeshi hili lilijilisha kwa adui. Ni kweli. Baada ya Tanga, Waingereza waliacha ufukweni bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu na risasi zaidi ya nusu milioni. Novemba 1917, siku ile ile Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, alipovuka mto Ruvuma, aliwavamia Wareno kule Ngomano na kuondoka na silaha mpya, risasi na chakula. Mwisho wa vita askari wake wengi walishika bunduki za Kireno na za Kiingereza, na zile za mwaka 1871 zilikuwa zimetupwa njiani. Mchezaji wa igisoro au wa bao anaielewa hali hii kuliko yeyote: kete ulizokula kwa mwenzako hazitolewi nje ya mchezo, zinaingia upande wako na kupanda mashimo yako. Basi, wanasema, jeshi lililopitwa na wakati linajifanya jipya kwa mali ya adui, udhaifu uko wapi? Uko katika kile ambacho hakitekwi. Januari 1915 Lettow-Vorbeck alishinda Jassin, kaskazini mwa Tanga, na ushindi ule ukamtisha kuliko kushindwa. Alikuwa ametumia risasi 200,000 na kupoteza maafisa ambao hakuwa na pengine pa kuwapata, akakiri mwenyewe kwamba mapigano kama yale angeweza kuyamudu matatu zaidi tu. Oktoba 1917 alishinda tena Mahiwa, akawaua na kuwajeruhi Waingereza wengi kuliko mahali pengine popote katika kampeni ile, kisha akakuta risasi zake zisizo na moshi zimekaribia kwisha, na ile bunduki ya mwaka 1871 ikarudi mikononi mwa askari wengi. Meli mbili tu ndizo zilizopenya kizuizi cha Waingereza, moja karibu na Tanga mwaka 1915 na nyingine Sudi mwaka 1916. Anayeishi kwa kuteka lazima apigane ili ale, na kila pigano linamla yeye pia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Pingamizi la pili ni lile la tarehe. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Novemba 25, 1918 kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Jeshi dhaifu, wanauliza, ladumuje miaka minne? Swali zuri, ila linachanganya kuponyoka na kuwa na nguvu. Tazama alichofanya kabla ya kuvuka Ruvuma. Aliwaacha nyuma wagonjwa, majeruhi, maafisa na askari kwa mamia, akachukua wale tu ambao risasi na chakula vingewatosha, Wajerumani 300 hivi na askari 1,700 hivi. Siku chache baadaye Kapteni Theodor Tafel, aliyekuwa akija kuungana naye kutoka Mahenge, alisalimu amri akiwa na watu wake wote. Hakuwa amevunjwa vitani, alikosa chakula. Na Wintgens yule yule wa Rwanda, aliyepinda kaskazini mapema mwaka 1917 bila amri ya mkuu wake, aliiacha njia ya wenzake kwa sehemu kwa sababu nchi ile haikuweza kuwalisha wote pamoja. Akaugua homa na kujisalimisha kwa Wabelgiji mwezi Mei. Jeshi lililovuka Ruvuma lilikuwa limeacha kutetea nchi. Lilikuwa msafara unaokula na kusonga mbele. Kwenye mchezo wa mezani, kama ushindi wa Mjerumani ni kubaki na kipande kimoja ramani ikiisha, basi alishinda. Kama ushindi ni kushika nchi aliyopewa kuilinda, alishindwa tangu Septemba 1916.

Pingamizi la tatu ni la haki, na halipaswi kukwepwa: Waingereza na Wabelgiji nao walitegemea wapagazi, tena wengi zaidi. Waingereza peke yao waliwachukua wapagazi wanaohesabiwa kuwa milioni moja kutoka Afrika Mashariki, Kati na Magharibi, na waliokufa katika utumishi huo wanakadiriwa kuwa 95,000, wengi kwa maradhi ya tumbo, homa na utapiamlo. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa kambi yao. Wabelgiji waliwachukua watu wa Kongo na, walipokwisha kuingia, watu wa Rwanda na Urundi. Basi udhaifu ulikuwa wa pande zote. Ulikuwa, ila haukuwa na uzito mmoja. Mwingereza alipokosa unga Kilimanjaro, aliagiza mchele Bombay. Mpagazi wa Kenya akifa, alikamatwa mwingine Uganda au Nyasaland. Mjerumani alikuwa amefungiwa bahari. Kila kilo na kila bega vilitoka katika nchi ile ile moja, iliyozidi kupungua kadiri alivyorudi nyuma. Na bei ililipwa na wasiokuwa na bunduki ya aina yoyote. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalipita yakikomba nafaka, mifugo na vijana, iliingia katika njaa ya Mtunya kuanzia mwaka 1917, njaa inayokumbukwa kwa jina hadi leo. Wapagazi wa Wajerumani waliokufa hawana hata orodha.

Kwa hiyo, mbunifu au mchezaji anayetaka kulitendea haki jeshi hili lililopitwa na wakati anapaswa kuanza kwa kuligawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni silaha: moshi, risasi moja moja, uchache wa mizinga. Hilo linatibika, na lilitibiwa kwa mali ya Tanga na Ngomano na kwa mizinga kumi iliyong'olewa kwenye manowari Königsberg baada ya kuzamishwa Rufiji Julai 1915. Angalia hata tiba yenyewe: kila mzinga ule uliburutwa porini kwa mikono ya watu kwa mamia, na kila mmoja wao alitaka posho. Fungu la pili ni tumbo na bega, na hilo halina dawa mezani wala vitani. Kipande cha kampuni ya askari kisitembezwe bila kipande cha wapagazi walio wengi kuliko askari wenyewe. Chumba cha ramani jeshi linapolala siku nyingi kipungue chakula, na baada ya zamu kadhaa kisimlishe mtu. Anayekimbia chumba alichokikausha asiweze kukirudia msimu uleule. Mchezo ukipangwa hivyo, mchezaji wa Kijerumani ataona mapema kwamba Biharamulo haishikiki baada ya Kigali kuanguka, hata akipewa Mauser mpya kwa kila askari. Ataona pia kwamba kila ujanja wa Lettow-Vorbeck una mtu fulani aliyebaki na ghala tupu.

Watasema mchezo wa namna hiyo hauna raha, kuhesabu unga kunachosha kuliko kurusha dadu. Huenda. Lakini mchezo unaoficha hesabu hiyo unafundisha kwamba vita vilipiganwa katika nchi isiyo na watu, ambamo majemadari wawili wazungu walicheza mbio za kujificha, na hilo ni kosa la historia kabla ya kuwa kosa la mchezo. Walimu wa historia wa sekondari za Ngara na Biharamulo wangefanya jambo la maana kama wangeichora ramani hii ubaoni, Kagera juu, Ruvuvu pembeni, boma la Biharamulo katikati, wakawapa wanafunzi punje za mahindi badala ya kete, kila punje kilo ya unga, wakawaambia walilishe jeshi kutoka Tabora. Punje zitakwisha njiani. Mwanafunzi akishaona hivyo, ataelewa ni nani hasa aliyelibeba jeshi lile, na kwa nini lilianguka pale lilipokosa cha kula na wa kulibeba. Wazee waliobeba mizigo ile hawapo tena kusimulia. Wajukuu wao wapo, na swali la kuwauliza wanafunzi wakifika nyumbani ni jepesi: babu alibeba nini, alikipeleka wapi, na alilipwa na nani?